Ukungu wa Rangi ya Chungwa na Kitu Kidogo Ulichokikosa

Wasomaji wetu wa Bukoba na Muleba hawana haja ya kuelezwa mnyauko wa kahawa ni nini. Uganda ulikwisha kuonekana mwaka 1993, na kwetu ukathibitishwa mwaka 1997. Mbuni wa robusta uliokuwa na majani mabichi huanza kugeuka manjano upande mmoja. Majani huanguka, tawi moja hukauka, kisha la pili, hata mti wote husimama kama kuni. Ukibandua gome karibu na shina waona mti wa ndani umeingia rangi ya samawati iliyokaribia nyeusi. Kiletacho hayo si mdudu wala si ukame. Ni kuvu, jina lake la kitaalamu Fusarium xylarioides, nayo ilikwisha kujulikana tangu mwaka 1927 katika nchi ya Ubangi-Shari, ambayo sasa yaitwa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Tusiichanganye na mnyauko wa migomba ulioonekana Muleba mwaka 2006, maana ule ni wa bakteria, na bakteria ni ukoo mwingine kabisa.

Tena kuna habari nyingine, nayo ni ya huzuni zaidi. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI waliotangazwa katika Tanzania walikuwa wa mkoa wetu wa Kagera. UKIMWI huletwa na virusi, si kuvu; lakini mwili ukiisha kunyang'anywa kinga, kuvu huingia kama mwizi katika nyumba isiyo na mlango. Mmoja wa wezi hao huitwa Kriptokoka. Hukaa katika udongo na mavi ya ndege, huvutwa pamoja na pumzi, kisha hupanda mpaka kwenye ubongo na kuleta homa ya uti wa mgongo, yenye maumivu ya kichwa yasiyotulia. Watu wengi waliosemwa kwamba wamekufa kwa kichwa, walikufa kwa kuvu hii.

Basi yafaa tuulize: kuvu huishi kwa nini, na udhaifu wake uko wapi? Jibu moja kubwa lilipatikana katika mafuta yake. Wala halikupatikana kwa kutazama kuvu zenye afya na nguvu, bali kwa kutazama zile zilizozaliwa na upungufu, zilizokosa kitu kidogo sana ambacho mwenzao mzima anacho. Habari hiyo ndiyo tutakayoisimulia.

Kwanza tueleze mafuta. Kila kiumbe kimejengwa kwa vyumba vidogo sana viitwavyo seli, na kila seli imezungukwa na utando. Utando huo, kwa sehemu kubwa, ni mafuta. Mafuta nayo yamefanywa kwa nyuzi ziitwazo asidi za mafuta, na kila uzi ni kama shanga za kaboni zilizotungwa, mara nyingi 16 au 18. Uzi ulionyoka hulala vizuri juu ya mwenzake, na mafuta yake huganda, kama samli asubuhi ya baridi. Uzi wenye pindo katikati, kwa sababu ya kupungukiwa haidrojeni mahali pale, haulali sawa na mwenzake, na mafuta yake hubaki majimaji, kama mafuta ya karanga. Utando wa seli wahitaji aina zote mbili kwa kadiri. Ukiwa mgumu mno, chakula hakipiti. Ukiwa laini mno, huvuja. Kwa hiyo kusema habari ya kadiri ya asidi za mafuta ndani ya kuvu ni kusema habari ya ukuta wa nyumba yake.

Sasa twende kwenye ukungu wenyewe. Mahali penye joto, gunzi la mahindi yaliyochemshwa likitupwa jaani huweza kuota vumbi la rangi ya chungwa, laini kama unga. Na baada ya moto kupita katika nyasi au mabua, ukungu huo huo huota juu ya yale yaliyoungua, maana mbegu zake huamshwa na moto. Katika miaka ya 1842 na 1843 ulivamia mikate ya askari wa Ufaransa mjini Paris, hata serikali ikaweka watu wa kuuchunguza. Huko Java watu hawakuuogopa. Waliuotesha kwa makusudi juu ya mashudu ya karanga wakala, nao huita chakula hicho oncom. Mwaka 1927 wataalamu wawili wa Marekani, Shear na Dodge, waliupa jina la Neurospora. Bwana Dodge aliupenda sana ukungu huu, akawasihi wenzake wauchunguze kwa habari za urithi. Kwa muda mrefu wachache tu walimsikiliza.

Hata mwaka 1941, katika Chuo Kikuu cha Stanford huko California, Bwana George Beadle, mtoto wa mkulima wa Nebraska, pamoja na Bwana Edward Tatum, waliuchukua ukungu huu kwa kazi mpya. Walijua ya kuwa huishi kwa chakula kidogo cha ajabu: sukari, chumvi kadhaa, na vitamini moja tu iitwayo biotini. Vitu vingine vyote hujitengenezea wenyewe. Wakawaza hivi: tukiumulikia ukungu mionzi ya eksirei, urithi wake utaharibika hapa na pale; na kama urithi ndio unaoamuru kazi za mwili, tutapata ukungu usioweza tena kujitengenezea kitu fulani. Wakatenga mbegu moja moja, wakaziotesha kila moja katika chupa yake yenye chakula kingi, kisha wakazijaribu katika chakula kile kidogo. Chupa kwa chupa ukungu uliota vema. Ule wa namba 299 haukuota. Wakaupa vitamini hii na hii, mpaka walipoutilia vitamini B6, ukaota.

Katika habari yao ya kwanza walisema wamejaribu kama namna 2,000, wakapata tatu zenye upungufu wa namna hiyo. Tatu katika elfu mbili! Lakini hizo tatu zilitosha kuonyesha kwamba sehemu moja ya urithi, yaani jeni, huamuru kazi moja ya mwili. Mwaka 1958 walipewa Tuzo ya Nobel. Kuvu zilizoharibika urithi namna hii wataalamu huziita mutanti, nasi tutatumia neno hilo kwa kuwa ni fupi.

Kitu walichokosa mutanti wale wa kwanza ni cha namna gani? Hapa twaomba msomaji afikirie fundi wa nguo aliyekaa barazani mwa duka. Ana cherehani nzuri, ana uzi, ana kitambaa, na mguu wake wakanyaga vizuri. Lakini sindano hana. Cherehani yazunguka, kazi haiendi. Katika mwili, cherehani ni kimeng'enya, yaani kile kiundacho na kuvunja vitu ndani ya seli. Nayo sindano ni kisaidizi cha kimeng'enya, kitu kidogo ambacho bila hicho kimeng'enya ni chuma kitupu. Vitamini nyingi ni visaidizi vya namna hii, au ni chuma ambacho sindano hufuliwa kwacho. Ndiyo sababu mwili huhitaji kidogo tu: sindano moja hushona nguo nyingi. Na ndiyo sababu pia ikikosekana hasara yake haifanani na udogo wake.

Udogo huo wenyewe uliwatesa sana wataalamu. Biotini ilipatikana safi mwaka 1936 kwa kazi ya Kögl na Tönnis huko Utrecht, Uholanzi. Walichukua kilo 250 za viini vya mayai vilivyokaushwa, na mwisho wa kazi walibaki na miligramu moja na kidogo. Bwana Tatum alikuwa amekwenda kusoma kwa Kögl huko Utrecht kabla ya kazi ya Stanford. Hivyo haikuwa bahati tu kwamba aliijua biotini. Kisaidizi cha pili kitakachotuhusu ni asidi ya pantotheniki, iliyotangazwa na Bwana Roger Williams mwaka 1933. Yeye aliipata kwa kuchunguza kitu kinachoifanya hamira iote upesi, akaipa jina kwa neno la Kiyunani lenye maana ya kutoka pande zote, kwa kuwa aliikuta karibu katika kila kiumbe alichokitafuta.

Lakini visaidizi hivi vyafanya nini hasa? Watu walijua ya kuwa ukimnyima mnyama biotini hunyonyoka manyoya na ngozi yake huwa mbaya, sababu hawakuijua. Mwaka 1958 Bwana Salih Wakil, mzaliwa wa Karbala katika Iraki, akifanya kazi Marekani kwa maini ya njiwa, alionyesha ya kuwa kimeng'enya kinachoanza kazi ya kuunda mafuta kina biotini ndani yake. Biotini ni kama mkono: hushika hewa ya kaboni na kuipachika juu ya kipande kidogo, na kipande hicho ndicho kitakachotungwa kuwa uzi. Huko Munich, Ujerumani, Bwana Feodor Lynen alichunguza mtambo wenyewe utungao uzi, naye aliuchukua katika hamira ya mikate. Huongeza kaboni mbili mbili, mpaka zimetimia 16 au 18. Wakati wote huo uzi hauelei ovyo. Umetundikwa juu ya mkono mwingine mrefu, na mkono huo umefuliwa kwa asidi ya pantotheniki ya Bwana Williams. Lynen alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1964 pamoja na Konrad Bloch.

Basi kuna sindano mbili katika kazi moja: biotini huandaa shanga, na mkono wa pantotheniki hushika uzi ukitungwa. Msomaji aweza kukisia mwenyewe litakalotokea moja ikikosekana. Lakini wataalamu hawakuridhika na kukisia. Walitaka kupima, na kupima asidi za mafuta za kuvu kidogo kama ncha ya kijiko ilikuwa kazi isiyowezekana mpaka mwaka 1952, wakati James na Martin wa Uingereza walipotangaza chombo cha kutenganisha asidi hizo kwa kuzipitisha na gesi katika bomba refu, kila moja ikatoka kwa zamu yake. Tangu hapo kila aliyekuwa na hamira au ukungu aliweza kusema, ndani yake mna kadiri hii ya uzi wa 16, na kadiri hii ya uzi wa 18, wenye pindo na usio na pindo.

Mwaka 1963 Suomalainen na Keränen wa Helsinki, Finland, waliinyima hamira biotini wakapima mafuta yake. Hamira ile haikuwa mutanti. Ni hamira ya kawaida isiyoweza kujitengenezea biotini ya kutosha. Wakaona mafuta hayakupungua tu, bali yalibadilika: nyuzi za kaboni 18 zilipungua, na zile za 16 zikawa nyingi kuliko desturi. Ukifikiri kidogo waona sababu. Shanga zikiwa chache, mtungaji hukata uzi mapema. Mwaka 1980 Mishina, Roggenkamp na Schweizer walieleza hamira zilizo mutanti kamili katika jambo hili: baadhi zilikuwa na kimeng'enya kibovu, na nyingine zilikuwa na kimeng'enya kizima na biotini kando yake, lakini hazikuweza kuipachika biotini mahali pake. Yaani sindano iko mezani, fundi hajui kuitia. Hamira hizo hazikuota mpaka zilipopewa mafuta yaliyokwisha kutengenezwa.

Upande wa ukungu wa rangi ya chungwa, mwaka 1971 Bibi Susan Henry na Bwana Alec Keith walitoa habari ya mutanti aliyehitaji kupewa asidi ya mafuta iliyonyoka, kama ile ya palmitiki yenye kaboni 16, ndipo akaota vema. Wataalamu humwita cel. Kwa miaka kadhaa haikujulikana amekosa nini. Mtambo wake wa kutunga uzi ulikuwapo, wala haukuwa mdogo. Mwaka 1975 Bwana Elovson aliusafisha mtambo huo akaukuta karibu hauna ule mkono wa pantotheniki. Cherehani nzima, imesimama pale, bila sindano.

Sasa mutanti huyu akawa mtumishi mzuri kupita wenzake wote. Maana ukungu mzima ukiupa mafuta haya au yale, huchukua kidogo na kujitengenezea mengine, na kadiri yake hubaki karibu ile ile. Lakini cel, asiyeweza kujitungia, alitegemea alichopewa. Akipewa uzi wenye mapindo, utando wake ukawa na mapindo mengi. Akipewa uzi mfupi, alilazimika kuuishi huo. Wataalamu wakaweza kuubadilisha ukuta wa nyumba kwa kubadilisha chakula, kisha wakatazama mwenye nyumba atafanyaje.

Na hapo likaonekana jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Ukungu huu una saa ndani yake. Mwaka 1959 Bwana Pittendrigh na wenzake walionyesha ya kuwa ukiuotesha gizani ndani ya bomba refu la kioo, hautoi vumbi lake la chungwa sawasawa njia yote. Hutoa mkanda wa vumbi, kisha huenda mtupu, kisha mkanda tena, na kati ya mkanda na mkanda ni kama saa 22. Hakuna jua, hakuna jogoo, nao wajua siku imepita. Hata mwaka 1983 mabomba ya namna hiyo yalipelekwa juu ya anga katika chombo cha Wamarekani, ili kuona kama ukungu utasahau siku ukiwa mbali na dunia. Haukusahau. Basi Bwana Stuart Brody na wenzake huko San Diego, California, mwaka 1979 walimpa cel asidi za mafuta zenye mapindo, kama ile ya linoleiki iliyo nyingi katika mafuta ya alizeti, na saa yake ikachelewa. Siku ya ukungu ikawa ndefu kwa saa kadhaa. Ukungu mzima ulipopewa mafuta yale yale, saa yake haikuchelewa. Baadaye Bibi Patricia Lakin-Thomas alichukua mutanti mwingine, asiyeweza kutengeneza kolini ambayo ni sehemu ya mafuta ya utando, akamnyima kolini hiyo. Siku yake ikarefuka hata kuzidi saa 50.

Twakiri kwamba jambo hili latupendeza kuliko yote katika habari hii. Kwamba kiumbe huhesabu siku, na kwamba hesabu yake yaweza kuyumba kwa sababu ya namna ya mafuta yaliyo katika kuta zake, ni jambo ambalo hata leo wataalamu hawajamaliza kubishana juu yake.

Turudi kwetu. Wapo wasomaji watakaosema, habari hizi ni za chupa za Wamarekani. Lakini watu wa Bukoba wameifuga hamira tangu zamani, ingawa hawakuiona kwa macho. Ndizi zilizoivishwa hukanyagwa pamoja na nyasi katika mtumbwi wa mti, maji yake matamu hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, hufunikwa kwa majani ya mgomba, na kesho yake ni rubisi. Hapa twasema habari ya hamira, si habari ya kunywa. Hamira ile yapata visaidizi vyake kutoka katika ndizi na mtama: biotini, pantotheniki, na vinginevyo. Lakini kiko kisaidizi kimoja kinachohitaji mwenzake, nacho ni hemi, yenye chuma ndani yake, ndugu ya kile kinachoifanya damu yetu iwe nyekundu. Hamira hutumia hemi pamoja na hewa ya oksijeni kutengeneza sehemu mbili za utando wake: uzi wenye pindo, na kitu kiitwacho ergosteroli, kilichopatikana na Mfaransa Tanret mwaka 1889.

Mwaka 1953 na 1954 Andreasen na Stier, Wamarekani, walionyesha ya kuwa hamira ikinyimwa hewa kabisa haiwezi kuota mpaka ipewe ergosteroli na uzi wenye pindo. Bila shaka wakanyagaji wa ndizi hawakusoma habari hiyo. Lakini kule kukanyaga na kumimina huingiza hewa katika maji ya ndizi, na hamira huiwahi kabla haijaisha, hujiwekea akiba ya mafuta, kisha mama humgawia mtoto akiba hiyo, na mtoto humgawia mjukuu, mpaka imekuwa haba. Katika miaka ya 1970 zilipatikana hamira mutanti zisizoweza kuunda hemi. Hizo, hata zikipewa hewa tele, zilikuwa kama zimefunikwa kabisa: hazikutengeneza uzi wenye pindo, wala ergosteroli, mpaka zilipopewa.

Neno ergosteroli lawekwe akilini, maana ndilo litakaloturudisha kwa wagonjwa wetu. Mwili wa mtu hauna ergosteroli. Wenyewe hutumia kolesteroli mahali pake. Kuvu nyingi haziwezi kuishi bila ergosteroli. Hapa basi ndipo palipo na tofauti kati ya mtu na kuvu, tofauti ambayo mtu aweza kuitumia, kwa sababu katika mambo mengine kuvu ni jamaa yetu wa karibu kuliko bakteria, na dawa nyingi za kumwua mwizi zingemwua na mwenye nyumba.

Dawa iitwayo amfoterisini, iliyopatikana katika miaka ya 1950 kutoka katika kiumbe kidogo cha udongo wa Venezuela, huing'oa ergosteroli kutoka katika utando wa kuvu, nayo huiua. Ni dawa kali. Hudungwa katika mshipa, na huweza kuumiza mafigo. Dawa ya pili, flukonazoli, ilitengenezwa na wataalamu wa kampuni ya Pfizer huko Uingereza katika miaka ya 1980. Humezwa kwa kinywa, na kazi yake ndiyo iliyotufanya tuandike habari hii yote. Hukiendea kimeng'enya kimoja kinachotengeneza ergosteroli, hukipata kimeshika sindano yake, ambayo ni hemi, nayo huishika hemi hiyo na kuiziba. Kimeng'enya kipo, hemi ipo, lakini ni kama haipo. Yaani dawa humfanya kuvu mzima kuwa mutanti kwa muda, mwenye upungufu wa kutengenezwa na mtu, na mafuta ya utando wake hubadilika kama yalivyobadilika mafuta ya hamira zile zilizozaliwa na upungufu. Mwaka 2001 kampuni hiyo ilitangaza kuitoa bila malipo kwa nchi maskini.

Haifai kuisifu kupita kiasi. Flukonazoli huizuia Kriptokoka isiote, lakini yenyewe peke yake haiui upesi, na wengi waliopewa hiyo tu walikufa. Mwaka 2018 zilitolewa habari za majaribio yaliyofanywa Tanzania, Malawi, Zambia na Kameruni kwa wagonjwa 721 wa homa hiyo ya uti wa mgongo. Ilionekana ya kuwa amfoterisini kwa juma moja pamoja na dawa nyingine iitwayo flusitosini huokoa watu wengi zaidi. Na mahali pasipo na dawa ya kudunga, flukonazoli na flusitosini kwa pamoja zaweza kutumika. Flusitosini haigusi mafuta. Yenyewe huiharibu kuvu katika kazi ya kuongezeka. Kwa hiyo mwizi hushikwa mikono na miguu kwa pamoja. Yafaa kila mwenye jamaa anayeishi na virusi vya UKIMWI ajue ya kuwa maumivu ya kichwa yasiyoisha, pamoja na homa au shingo kukakamaa, si ya kungojea. Kipo kipimo cha damu kinachoonyesha Kriptokoka, na dawa ikitolewa mapema hufaa kuliko ikitolewa mgonjwa amekwisha kupoteza fahamu.

Je, mibuni nayo? Fusarium ya mnyauko ni ya kundi moja kubwa na ukungu wa rangi ya chungwa, na utando wake una ergosteroli kama wenzake. Ziko dawa za shambani za jamaa ya flukonazoli, na katika magonjwa ya majani ya mimea mbalimbali zimetumika sana. Lakini kuvu ya mnyauko hukaa ndani ya mti, katika njia za maji zenyewe, na mkulima hana njia iliyo rahisi ya kuipeleka dawa huko katika mibuni mia na zaidi. Ndiyo maana wataalamu wa kilimo walisema tangu mwanzo kwamba mbuni ulioshikwa ung'olewe na kuchomwa moto pale pale, usiburutwe shambani, na panga lililoukata lisiguse mbuni mwingine kabla ya kusafishwa kwa moto. Wako waliotii na wako waliosikitikia kuni. Kisha watafiti wa kahawa wakatafuta mibuni ya robusta ambayo kuvu hii haiwezi kuiingia kwa urahisi, wakaichagua, wakaizalisha kwa vipandikizi huko Maruku. Miche hiyo ilipotolewa kwa wakulima ilipewa majina ya kwetu: Maruku 1, Maruku 2, Bukoba 1 na Muleba 1.